Uso Uliokataliwa Mlangoni

Benchi lenyewe ni langu. Nililiweka chini ya kibanda cha bati mbele ya studio yangu ya picha ili wateja wangoje zamu wakiwa wamekaa, lakini wateja husimama juani na wasio wateja ndio hukaa. Ng'ambo ya barabara ni ukuta mweupe wa shule na geti lake la bluu. Kuanzia saa mbili asubuhi utawakuta watatu: Kanuni, karani mstaafu wa ofisi ya serikali, ambaye hakuna jambo chini ya jua asilolijua kifungu chake, Breki, dereva wa lori aliyeachishwa kazi kwa sababu ya macho, naye bado anadai anaona kuliko sisi, na Bi Chupa, mwenye chupa mbili za kahawa na ndoo ya kusuuzia vikombe, ambaye kwa kweli ndiye pekee anayefanya kazi pale. Mimi wananiita Picha. Ninayoyaandika hapa nimeshayakiri mbele za Mungu mara kadhaa, na kila nikiinuka nayakuta bado yapo kifuani. Pengine yanataka kusikiwa na watu pia.

Ilikuwa siku ya kwanza ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Saa tatu kasoro geti likafunguka kidogo, akatoka binti mmoja peke yake, rula na penseli mbili mkononi. Hakulia. Alipita mbele yetu, akatuamkia kama kawaida yake, akashika njia ya machimbo ya kokoto nyuma ya shule.

Huyo binti pale kijiweni tulimwita Usiku. Wazazi wake walikuja na wenzao kutoka ng'ambo ya mpaka, miaka sita sasa, kuja kuponda mawe. Ni weusi kutuzidi. Na sisi, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuitwa mweupe ila kwa kubembelezwa, tukafurahi kupata wa kuwaita weusi.

Haukupita muda mlinzi wa geti akavuka kuja kunywa kahawa. Akasema kwa kifupi kwamba msimamizi wa mtihani, mgeni kutoka makao makuu, amemkataa binti mlangoni. Kamshikia fomu pembeni ya uso, katazama picha, katazama mtu, kasema si yeye. Mlinzi akarudisha kikombe, akarudi getini kwake, akatuachia maneno.

— Hapo hakuna siri, akasema Kanuni. — Picha si yake, basi mtu si yeye. Kifungu cha udanganyifu. Alimtuma mwingine akapigwe picha, ili huyo mwingine aje amfanyie mtihani. Sasa asubuhi wamechanganyana nani aje.

— Akili za watu wa kokoto hizo, akasema Breki. — Wamepanga wizi, wamesahau kuja na mwizi.

— Mtoto anaongoza darasa zima kwa hisabati, akasema Bi Chupa. — Amtume nani, na anayemzidi hayupo?

— Ndiyo maana wahenga wakasema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akadakia Breki.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia. Wewe mimina kahawa.

Bi Chupa akamimina. Breki akanywa funda moja, akapata wazo jipya, maana kwake kahawa haishuki tumboni, inapanda. Akatueleza kwamba likizo nzima binti alikuwa machimboni na mama yake, na jua la machimboni si hili letu. Yeye lori lake lilikuwa la bluu; aliliegesha kule miezi mitatu likingoja spea, alipokwenda kulichukua alilikuta jeusi.

— Lori halina ngozi, akasema Kanuni.

— Lina rangi. Tunaongelea rangi au hatuongelei?

Bi Chupa akasema, kwa sauti ya chini, pengine binti alipaka dawa za kujichubua siku za kupigwa picha, zikamwishia, weusi ukarudi. Hilo hakuna aliyelipinga wala aliyelicheka. Sote tulitazama barabarani, kwa sababu uso wa Bi Chupa na vidole vyake haviendani, na ni jambo ambalo pale kijiweni, pamoja na midomo yetu yote, hatujawahi kuligusa.

Kanuni ndiye aliyetutoa hapo. Akasema kuna waraka. Watoto wa wageni wakipasi wanajaza nafasi za sekondari, kwa hiyo makao makuu kuna mtu kazi yake ni kubadilisha picha kwenye fomu zao, ili siku ya mtihani wakwame mlangoni wenyewe bila kufukuzwa na mtu.

— Umeuona huo waraka? akauliza Bi Chupa.

— Sijauona. Lakini nimekaa ofisini miaka thelathini na moja. Waraka nisiouona ndio ninaoujua zaidi.

— Mnahangaika bure, akasema Breki. — Wale kamera haiwashiki. Ngozi yao inameza mwanga. Ukimpiga leo anatoka yeye, ukimpiga kesho anatoka shangazi yake. Si mwenye fani huyu hapa? Picha, waambie.

Wote watatu wakanigeukia. Nami, niliyekuwa nimetoka kusali asubuhi ile ile, nikasema:

— Sijui.

Nilijua. Nilijua tangu mlinzi alipofungua kinywa.

Mwezi uliotangulia darasa zima lilipanga foleni kwangu, wanafunzi arobaini na watatu, kupiga picha ndogo za fomu. Sasa, mteja wangu yeyote akiketi kwenye kile kiti jambo la kwanza anasema ni, ning'arishe kidogo. Ndiyo desturi. Kwenye kompyuta kuna kialama nakisukuma upande wa kulia, uso unapata nuru, mtu anaondoka anacheka. Mimi kazi hiyo huiita kuosha. Yule binti hakuniomba kitu. Alikaa, akatazama mbele, akashukuru, akatoka. Jioni nilipofikia picha yake nilimwonea huruma, Mungu anisamehe, maana niliiona kweli ni huruma. Nikasukuma. Nikaona bado. Nikasukuma mpaka akatoka kama binti wa kwetu. Usiku ule katika sala nililitaja jambo hilo kati ya mema ya siku yangu.

Kijiweni nako wameshahamia kwa Mwalimu.

— Ngojeni Mwalimu wa semina asikie, akasema Breki. — Atasema ni ubaguzi. Kwake hata mvua ikinyesha upande mmoja wa barabara ni ubaguzi.

Mwalimu wa semina ni mwalimu wa darasa la yule binti, dada wa miaka thelathini hivi, mpole lakini haachi jambo. Miezi miwili nyuma shule ilimpeleka semina ya siku tatu, kufundishwa jinsi mwalimu anavyotakiwa kuwakinga watoto wanaonyanyapaliwa kwa rangi na asili zao, na jinsi ya kuzungumza na darasa bila kumwaibisha mtu. Alirudi na jalada la karatasi na moto moyoni. Akawaambia wanafunzi kila mmoja aandike, bila kutaja jina lake, neno aliloitwa likamuumiza. Akapata karatasi arobaini na tatu, hakuna iliyorudi tupu. Mkuu wa shule akamwambia afunge jalada lake, mtihani u karibu, na wazazi wanauliza kwa nini watoto wanafundishwa matusi.

Akaja kwetu. Alisimama mbele ya benchi hili hili, akatusalimu mmoja mmoja, akatuomba tuache kumwita yule mtoto jina lile.

— Mnalosema hapa saa mbili, alituambia, saa nne linakuwa darasani kwangu.

Breki akamjibu kwamba ni utani tu, hapa kila mtu ana jina la kijiwe, yeye mwenyewe anaitwa Breki na hajafa. Mwalimu akasema jina la Breki limetoka kwenye kazi aliyoichagua, la mtoto limetoka kwenye ngozi aliyozaliwa nayo, na akiondoka hapa jioni hawezi kuiegesha mahali akapumzika. Kanuni akamwambia ubaguzi ni mambo ya wazungu, sisi weusi kwa weusi kisheria haiwezekani. Tukacheka. Mimi nilicheka nikiwa mlangoni pangu na kitambaa cha kufutia lenzi mkononi. Alipovuka barabara kurudi shuleni, Breki akamsindikiza na methali:

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa tumewapa nyundo, bado tuwape na majina mazuri?

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tumeachana naye. Na sasa, kama saa nne hivi, tukamwona anatoka getini, fomu mkononi. Alivuka bila kutazama kulia wala kushoto. Hakusalimu mtu, na kwa Mwalimu hilo lilitutisha kuliko kelele.

Alinijia mimi moja kwa moja. Akaninyooshea fomu.

— Mzee, huyu ni nani?

Nikasema ni yule binti wa kwenye darasa lake.

— Msimamizi anasema siye. Na nimeshindwa kumbishia, kwa sababu nami nikiitazama vizuri naona siye. Nipe picha yake ya asili, ile kabla hujaigusa.

Nikamwambia haipo. Kompyuta yangu ni ya zamani, nafasi ndogo. Nikishaosha picha nahifadhi juu ya ile ile, ya kwanza inafutika. Niliyasema hayo kwa sauti ndogo, lakini benchi lile liko hatua tatu tu kutoka mlangoni.

— Kumbe ni wewe, akasema Bi Chupa.

Breki akanitetea. Ndicho kitu kinachoniuma mpaka leo, kwamba alinitetea kwa moyo safi kabisa.

— Mwalimu, usimwonee Picha. Alimtendea wema. Wenzake wanaomba kung'arishwa, yeye kapewa bila kuomba. Sasa hata wema nao ni ubaguzi?

Nilitegemea Mwalimu atamjibu kama siku ile. Badala yake akakaa kwenye benchi, pale pembeni ya Kanuni.

— Hii picha niliibandika mimi, akasema. — Nilikuwa na fomu zote mezani na chupa ya gundi. Nilipoifikia hii nikatulia, nikaitazama. Mnajua nilisema nini moyoni? Nilisema, leo ametoka vizuri.

Akaigeuza fomu, akailaza kifudifudi juu ya magoti.

— Na semina nilikuwa nimeshakwenda, akamalizia. — Nilikuwa nimerudi wiki tatu tu.

Bi Chupa akamnyooshea kikombe, akakikataa kwa mkono. Kisha akatueleza mambo yalivyo. Karatasi ya asubuhi ilikuwa ya hisabati. Imepita, hairudiwi, binti atawekewa sifuri. Na hisabati ndiyo ingembeba. Masomo mengine anayafanya kwa lugha aliyoanza kujifunza alipohamia hapa. Lakini msimamizi amekubali kwamba ikipatikana picha iliyo yake kweli, yenye mhuri wa mkuu wa shule, kabla ya saa nane mchana, atamruhusu kufanya karatasi ya pili na zilizobaki. Akikosa hiyo ya pili, basi mwaka mzima umekwenda, na kwa watu wa machimbo msichana aliyekosa mwaka harudi darasani.

— Anarudi wapi? akauliza Kanuni, akajuta kuuliza.

Mwalimu akainuka kwenda kumfuata kwa miguu. Nikaingia ndani kuandaa taa. Nje walikuwa wamenyamaza, na kijiwe kikinyamaza saa nne na nusu unajua pana msiba.

Walirudi saa sita imeshapita, maana machimbo ni mapana na ilibidi kumtafuta shimo kwa shimo. Binti alikuwa ameshavua sare na kuvaa gauni la kazi; Mwalimu ndiye aliyebeba sare mkononi. Mikono ya binti ilikuwa na vumbi la mawe mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameshashika nyundo. Ndani ya asubuhi moja alikuwa ameshapokea kazi ya maisha yake, na sisi bado tulikuwa kwenye kahawa ile ile.

— Shikamooni, akasema.

— Marahaba, tukasema, kila mmoja kwa wakati wake.

Bi Chupa akampa maji ya ndoo yake kunawa uso na mikono. Akavaa sare nyuma ya pazia langu. Nikawasha kompyuta, Mwalimu amesimama begani pangu, binti nyuma yake. Nilipofungua jalada la picha za shule nikakumbuka, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Picha za wenzake zote nilikuwa nimeziandikia namba. Yake nilikuwa nimeiandikia "usiku". Nilipoiosha nikaliongezea jina neno moja, likawa "usiku nzuri".

Wote wawili wanajua kusoma. Mwalimu akasema, washa taa. Ningepewa kuchagua, ningechagua wanitukane.

Nikamketisha. Nikapiga. Uso ukatoka kama shimo, macho tu. Nikasogeza taa, nikapiga tena: paji la uso linang'aa kwa mwanga, mashavu hayapo. Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii, na pale ndipo nilipoelewa kwamba taa zangu nilizipanga kwa nyuso nilizozizoea, nikazifunga hapo kwa skrubu. Waliobaki nilikuwa nawamalizia kwenye kompyuta na kusema ngozi zao zinameza mwanga. Ngozi haikuwa imemeza kitu. Mimi ndiye niliyekuwa sijawahi kuwawashia taa.

Saa saba imeingia. Mwalimu anatazama saa.

Nikatoka nje nitazame mwanga. Ukuta mweupe wa shule ulikuwa unapigwa na jua na kulirudisha huku kwetu, laini, chini ya kibanda cha bati, pale pale kwenye benchi. Nikawaambia wainuke. Kanuni na Breki wakainuka, Bi Chupa akasogeza chupa zake. Binti akakaa katikati ya benchi, peke yake, mikono juu ya magoti, na wao watatu wakasimama juani wakimtazama, kama wateja.

Nilipiga mara moja tu. Sikugusa kitu. Alitoka yeye: nyusi, mashavu, kovu dogo kidevuni ambalo mwezi ule nililifuta pamoja na mengine, na weusi wake mzuri uliotulia, usio na shida na mtu. Nikaichapa. Mwalimu akaing'oa ile ya zamani kwenye fomu kwa ukucha, akabandika mpya, akapuliza gundi ikauke.

— Nakimbilia mhuri, akamwambia binti. — Chukua penseli zako, unifuate getini. Ni saa saba na nusu.

Akavuka. Binti hakumfuata mara moja. Ile picha ya zamani ilikuwa imeanguka kwenye benchi, imechanika ncha moja. Akaiokota. Akaiweka juu ya kiganja chake, akaitazama kwa makini, jinsi wanavyotazama swali la hesabu kabla ya kushika penseli. Kisha akaninyooshea. Hakuwa na hasira; hasira ningejua nifanye nayo nini. Alikuwa anataka kujua.

— Baba, hapa ulikuwa unarekebisha nini?

Nikamtazama Kanuni. Miaka thelathini na moja ya vifungu, naye akawa anachungulia kikombe kitupu. Breki alikuwa ametazama viatu vyake, methali zote zimemkimbia. Bi Chupa alikuwa ameificha mikono ndani ya kanga.

Mimi ndiye niliyeulizwa. Nikasema:

— Nenda, mwanangu, usije ukachelewa.

Lakini hakwenda papo hapo. Alinisubiri kidogo, kama mwalimu mwema anavyomsubiri mwanafunzi asiyejua jibu. Alipoona sina, akaiweka ile picha juu ya benchi, akavuka barabara kwenda kufanya mtihani wake.